Kutuliza Roho Kwenye Poka: Panga Kabla Hujakaa Mezani

Watu wengi wanaocheza poka huku kwetu Kisumu wanajua kucheza, hiyo niseme mapema, juu mtu akichapwa anaambiwa haraka ati hajui game na mara nyingi si ukweli. Anajua flashi (kadi tano za aina moja, kama kopa zote) inashinda streti (tano zinazofuatana), anajua jeki na tatu ni za kufoldi, yaani kutupa, ameangalia mavideo mpaka bando ikaisha, na ukimuuliza saa mbili jioni vile mkono fulani, yaani kadi mtu amepata, unachezwa atakueleza vizuri kabisa. Sasa mrudie huyo huyo saa saba usiku, ameshachapwa mara mbili na kadi ya mwisho, utampata anaweka pesa na kwini na tano juu anasikia "hii lazima ikuje". Ujuzi bado anao. Ni vile roho imepanda na ujuzi haufikiki tena.

Kitu kimoja ndio nataka ushike hapa: hasira ya poka huwezi kuizuia pale mezani. Ikishafika imefika, na mtu aliyepandwa na hasira huwa anaona kabisa ametulia, hiyo ndio shida yake kubwa. Unaizuia nyumbani, ukiwa umeshiba na umelala vizuri, unaamua mambo mapema kwa namna ambayo yule wewe wa saa saba usiku hataweza kuyageuza hata akitaka. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Na naongea na mtu mzima, miaka 18 kwenda juu, anayecheza Texas Hold'em (ile poka kila mtu anapewa kadi mbili zake, kisha tano za wote zinafunguliwa mezani) ya pesa kidogo na marafiki wikendi, iwe ni Milimani ama Nyalenda ama Nakuru huko Section 58, ama anacheza kwa simu. Kama pesa uko nayo mkononi ni ya rent ama ya fees, hakuna mbinu hapa itakusaidia, usikae hiyo meza.

Hesabu ndio dawa ya kwanza

Sehemu kubwa ya hasira inatoka kwa kudhani kuna kitu kibaya kimefanyika wakati hakuna. Angalia hii. Uko na esi mbili, mwenzako ako na kingi mbili, mmeweka zote kabla ya flopu, zile kadi tatu za kwanza za mezani. Hapo wewe unashinda kama mara 82 kwa 100. Watu wanasikia 82 wanasoma "lazima". Lakini hiyo 18 ingine iko, ni karibu mara 1 kwa kila 5, na siku ikikuja haikuji kukuonea wewe, inakuja juu ni zamu yake. Mtu ambaye amekaa na flashi yake inangoja kadi moja kwa flopu, ataipata kama mara 35 kwa 100 akiona kadi zote mbili zilizobaki. Zaidi ya thuluthi moja! Na wewe mwenyewe ukiwa na esi-kingi, ile mkono kila mtu anapenda, flopu ikifunguliwa utakosa kupata hata peya (kadi mbili zinazofanana) kama mara 2 kwa kila 3.

Kwa hivyo ukikaa usiku mzima na usichapwe vibaya hata mara moja, huo ndio usiku wa ajabu. Kuchapwa ni kawaida ya game. Kabla hujatoka nyumbani jiambie hivyo kwa maneno kabisa, hata kwa sauti: leo nitaweka pesa nikiwa mbele na nitapoteza, inaweza kuwa mara mbili, inaweza kuwa tatu. Ukijiandaa hivyo ikifika bado itauma, lakini haitakushtua, na mshtuko ndio unafanya mtu akimbie kununua chipu zingine (vile vipande vya kuwekea dau) kabla hata hajafikiria.

Tena hizo esi mbili zenyewe zinakuja mara 1 kwa kila mikono 221. Meza ya nyumbani kadi zikigawanywa na mkono, mnacheza kama mikono 25 kwa saa, sasa piga hesabu, ni kama masaa 9 hivi kwa wastani kuona esi mbili mara moja. Hii inatuleta kwa kitu ambacho watu hawahesabu kama hisia kabisa, kuboeka. Mimi naamini kuboeka kunakula pesa ya watu wengi kuliko hasira, ni vile tu hakupigi kelele. Meza ikiwa imejaa watu 9, mchezaji makini anaingia kwa mikono kama 2 kwa kila 10, zile 8 anatupa. Umekaa lisaa limoja unatupa tu kadi, wenzako wanacheka, wanashinda, wewe unaangalia. Hapo ndio mtu anaanza kuona nane na tano za kopa ziko na sura nzuri. Dawa yake si kujilazimisha kukaa kama sanamu. Jipe kazi wakati umefoldi: angalia yule wa upande wa pili anaweka pesa ngapi akiwa na kitu na ngapi akiwa hana, nani anaangalia chipu zake mara tu flopu ikifunguka, nani hawezi kufoldi peya. Hizo ndio zitakulipa baadaye, na muda unaenda.

Pesa: hapa ndio nataka tukae sana

Wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, waliandika mwaka wa 1979 kuhusu vile binadamu anaamua mambo ya pesa, na kitu walionyesha ni kwamba kupoteza kunauma kuliko vile kupata kunafurahisha, na tena mtu akiwa tayari ako kwa hasara anaanza kukubali hatari ambazo kwa kawaida angezikataa, bora tu kuwe na nafasi ya kurudi sufuri. Soma hiyo tena ukifikiria poka. Ukiwa umepoteza 1,000, kichwa chako hakitaki kucheza vizuri, kinataka kurudi pale ulianzia, na kitakubali bei yoyote. Kufukuza hasara si upumbavu wa mtu fulani, ni vile sote tumeumbwa, na ndio maana usijiamini ati wewe uko tofauti.

Zamani mtu akimaliza noti mfukoni alikuwa amemaliza, anaenda nyumbani amenuna. Sai simu iko pale kando ya chipu. Unatumia mwenzako M-Pesa hapo hapo, anakupea chipu zingine, na ukiwa umekauka Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, inakuongezea, hiyo huduma iko tangu 2019, na ikikataa kuna zile app za mkopo za dakika mbili. Yaani umbali kati ya hasira na deni umekuwa kubonyeza PIN tu. Kwa hivyo fanya hivi, na ufanye mchana:

Tenga pesa ya karata kando na pesa zingine zote. Si kwa kichwa, kando kabisa. Iwe ni pesa ambayo ikipotea yote mwezi huu hakuna mtu nyumbani atakula tofauti. Hiyo ndio mtaji wako. Pesa ingine ya nyumba usiiache imelala kwa M-Pesa usiku wa poka, ipeleke benki ama kwa ile akaunti ya kufunga ya M-Shwari, hata ukimtumia mama watoto ashike ni sawa. Fuliza jiondoe kwa menyu kama huna deni nayo. Kisha enda mezani na noti, kiasi ambacho umeamua, na nauli ya boda ya kurudi weka mfuko tofauti kabisa. Noti zikiisha, game imeisha. Usipange kukopa mezani na pia usikopeshe mtu mezani, juu yule unamkopesha saa sita usiku unamfukuzisha hasara yake na wewe ndio utamdai Jumatatu.

Ni kiasi gani sasa? Kuna Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa mwaka 2000, alianza 2006 kwa mashindano ya bure mtandaoni akiwa na dola sufuri na akafika 10,000, ikamchukua zaidi ya mwaka mzima, na kilichombeba ni kanuni alijiwekea. Haingii na zaidi ya 5% ya mtaji wake kwa meza moja ya pesa, na kwa mashindano makubwa si zaidi ya 2%. Na kuna ingine watu husahau: pesa yake pale mezani ikizidi 10% ya mtaji wote, anatoka blaindi (dau la lazima ambalo wachezaji wawili huweka kwa zamu kila mkono) zikimfikia. Geuza kwa shilingi. Uko na mtaji wa 10,000, basi meza yako ni ya kuingia na 500. Wenzako wakisema leo ni 2,000, si meza yako, hata kama wote ni dhaifu kukuliko, hata kama wanakucheka. Uzuri wa 5% ni kwamba kuchapwa mara moja hakuwezi kukumaliza, na mtu ambaye hawezi kumalizwa na mkono mmoja hana sababu ya kuogopa ama kukasirika sana. Hizi hisia mbili, hofu na hasira, nyingi zinaletwa na kucheza juu ya uwezo. Mtu akicheza na pesa anayoiogopa anafoldi mahali angefaa kukoli (kulipa kiasi mwenzake ameweka), kisha anajichukia, kisha mkono unaofuata anarusha zote.

Watu hupenda stori ya Chris Moneymaker, yule mhasibu wa Marekani alishinda dola milioni 2.5 mwaka wa 2003 kwa World Series of Poker. Wanaisimulia kama ruhusa ya kujirusha. Lakini angalia vile aliingia, hakuuza gari, alipita kwa shindano dogo la mtandaoni lililomgharimu chini ya dola 100, na hilo ndio likamfungulia tiketi ya dola 10,000. Alihatarisha kidogo, hiyo sehemu ndio ya kuiga.

Mkono mmoja, hasira mbili

Wacha nikuonyeshe kwa pesa kabisa vile kutulia kunalipa, juu ushauri wa "tulia bana" haujawahi kumtuliza mtu.

Blaindi ni 10 na 20. Uko na kwini mbili, ya shupaza na ya maua. Unareizi, yaani unapandisha, hadi 60, mtu mmoja anakoli, blaindi wote wanafoldi. Kwa poti, ile pesa ya katikati, kuna 150. Flopu ni tisa ya kopa, saba ya kopa, mbili ya uru. Unaweka 100, anakoli, poti inakuwa 350. Kadi ya nne ni nne ya shupaza. Unaweka 250. Anafikiria, anakoli. Poti 850. Ya mwisho, tatu ya kopa. Jamaa anasukuma zote, 600.

Hapo ndio masikio yanapata moto. Unajua flashi imeingia. Kila mtu mezani anajua. Na unajua pia hakufaa kuwa hapo, na kweli hakufaa: kwa ile kadi ya nne alikuwa anangoja kopa na zilikuwa zimebaki 9 kwa kadi 46 ambazo hajaziona, karibu mara 1 kwa 5. Alilipa 250 kupata 600, yaani 350 ya poti na 250 yako. Acha afanye hivyo mara 100: mara kama 20 anapata 600, hiyo ni 12,000, na mara 80 anapoteza 250, hiyo ni 20,000. Amekupea faida ya 8,000 kwa hizo mara 100. Ni mteja wako, usimtukane, usimfundishe, usimwambie "ulikoli na nini we", juu akijifunza utakuwa umejinyima.

Lakini sasa ona kile hasira inafanya. Wewe unakoli ile 600 ya mwisho ili "uone tu", juu huwezi amini. Rudia hizo mara 100 ukiwa unamlipa kila akipata kopa: mara 20 anachukua 600 ya kwanza na 600 yako ya mwisho, jumla 24,000, na bado anapoteza 20,000 zile mara zingine. Sasa ni yeye ako na faida ya 4,000. Kukoli kwake kulikuwa kubaya, hasira yako ndio imekufanya kuwe kuzuri. Nimeeleza watu hii hesabu na naona inawaingia kuliko mahubiri yote, juu inaonyesha kwamba yule mjinga hakukushinda na bahati, alilipwa na wewe mwenyewe kwa mkono wako.

Hii haimaanishi ufoldi kila mara mtu akisukuma. Kukoli pale ni 600 kwa poti ambayo ikiwa na yako itakuwa 2,050, ni kama 29%. Kwa hivyo swali ni moja: huyu mtu, kwa hii hali, anapiga blafu (anasukuma bila kitu) kama mara 3 kwa 10 ama zaidi? Kama ni yule kijana wa kurusharusha, inaweza kuwa ndio, koli na amani, na ukipata ako na flashi sema "poa" na endelea. Kama ni yule mzee ambaye tangu jioni hajareizi, foldi. Utaona swali lenyewe halina mahali pa "amenionea wapi". Swali likiwa na maneno kama hayo ndani, jua si wewe unauliza.

Vile utajua imeanza

Mwili unajua kabla ya kichwa. Wengine masikio yanapata moto, wengine mguu unatikisika chini ya meza, wengine wanaanza kucheza haraka, yaani unakoli kabla mwenzako hajamaliza kusema ni ngapi. Wengine wananyamaza ghafla na walikuwa wanapiga stori. Jua yako ni gani, na kama hujui muulize mtu mnacheza naye, yeye anaijua tangu kitambo na pengine anakula nayo.

Ukiiona, kaa nje raundi nzima. Mwambie mgawaji akuruke, toka nje, kunywa maji, ona taa za Kondele kidogo, usishike simu kuangalia mkono ulivyokwenda. Dakika kumi hazitakugharimu kitu zaidi ya blaindi moja moja. Ukirudi ujiulize: kama ningekuwa nimefika sai, nimenunua chipu hizi hizi ziko mbele yangu, ningekaa hii meza na hawa watu? Ukipata jibu ni "ndio ningekaa" kaa. Ukipata jibu ni "lakini nimepoteza 1,500" hilo si jibu la lile swali, enda nyumbani.

Na jizoeze mwendo mmoja kwa kila uamuzi, mkono mzuri ama mbaya: angalia kadi, hesabu poti, angalia mtu, pumua, kisha ndio useme. Sekunde tano hivi. Ukifanya hata kwa mikono rahisi ya kutupa, siku roho imepanda mwendo wenyewe unakushikilia.

Kuna ile ya kisasi inafaa itajwe peke yake, ile ya mtu mmoja. Amekuchapa, akacheka, akaonyesha watu kadi, sasa wewe hutaki pesa, unataka pesa yake. Utaanza kuingia kila mkono yeye ameingia, na kadi mbaya. Hapa kubadilisha kiti kunasaidia kweli, omba ukae mbali naye ama mkono wake wa kushoto ndio uamue baada yake. Ikikataa, jiwekee kanuni ya usiku huo kwamba dhidi ya huyo mmoja unaingia tu na mikono ile mizuri kabisa, hakuna ingine.

Aibu ya kuondoka

Kwetu hii ni ngumu kuliko hasira. Umeshinda 1,800, ni saa tano usiku, ulipanga uende, unaanza kuvaa jaketi na mtu anasema "omera, umebeba pesa yetu sasa unatoroka?" Wengine wanaitikia. Unarudi kukaa, na hapo sasa unacheza bila kutaka, na saa nane umemaliza yote pamoja na ya kuingia.

Dawa ni kusema mapema. Ukifika tu, kabla kadi hazijagawanywa, waambie wote: "Leo natoka saa tano, nikishinda nikishindwa." Kwa sauti, wote wasikie. Saa nne na nusu warudishie, "imebaki nusu saa." Hakuna mtu atakuita mwoga kwa kitu alikubali akiwa ametulia. Na siku umeshindwa, saa tano ikifika, toka vilevile, ndio wajue saa yako si ya mchezo. Ukitoka kwa saa siku za ushindi pekee, hiyo saa haina nguvu tena.

Furaha nayo ichunge. Mtu ameshinda poti tatu anaanza kuona hawezi kukosa, anafungua mikono mingi, anaongeza kiwango, anaagizia meza nzima pombe. Stu Ungar wa Marekani alishinda ubingwa wa World Series of Poker 1980, 1981 na tena 1997, ile ya mwisho ikiwa na dola milioni 1 ya zawadi. Kwa kadi watu walimwogopa. Lakini alichopata kwa kadi alikitoa kwa farasi, kwa kubeti michezo na kwa madawa, na Novemba 1998 akakutwa amekufa kwa chumba cha moteli Las Vegas, miaka 45. Kipaji chake hakuna anayebishana nacho hadi leo.

Na hapo kwa kubeti nisimame kidogo, juu naona vijana wengi wakitoka poka wamechapwa wanafungua ile ndege kwa simu, ile game ya kubeti ya Aviator, ama wako kasino wanahamia ruleti "kurudisha". Poka mnacheza nyinyi kwa nyinyi, nyumba, yaani mwenye meza, inachukua kaasilimia kake, kwa hivyo aliye na nidhamu anaweza kubaki mbele kweli. Ruleti ya sufuri moja imeundwa ikule karibu 2.7% ya kila unachoweka, kila mzunguko, na hakuna kutulia kwako kutabadilisha hiyo. Nidhamu ya poka ukiipeleka huko haina kazi. Kanuni yangu hapa ni ngumu na siilegezi: usiku wa poka hakuna game ingine yoyote ya pesa, si kabla, si baada.

Baada ya game

Usichambue usiku huo. Ukifika nyumbani lala. Kesho yake mchana, shika kidaftari na uandike vile mweka hazina wa chama anaandika, bila kuficha: tarehe, uliingia na ngapi, ukatoka na ngapi, masaa mangapi, na chini ya hapo mikono miwili au mitatu ambayo uliamua vibaya, hata kama ulishinda. Hiyo "hata kama ulishinda" ndio muhimu. Uliweka zote na flashi ya kungoja bila bei, ikakuja, ukashangilia: andika ni kosa. Uliweka zote na esi mbili ukachapwa: andika ilikuwa sawa. Baada ya muda utaanza kuona pesa zako nyingi zilienda saa fulani, ama ukiwa umekunywa, ama siku ulitoka kugombana kazini. Usiku mmoja ama mitano haikuambii kama wewe ni mzuri ama mbaya, bahati bado inafunika kila kitu, lakini daftari litakuambia tabia yako mapema sana kuliko pesa.

Wa simu: kila kitu nimesema kinaenda mbio zaidi. Meza moja mtandaoni inaweza kukupitisha mikono 60 na zaidi kwa saa, na wengine wanafungua meza nne, sasa ile hasira ya usiku mzima inakaa ndani ya dakika ishirini na hakuna mtu wa kukuona umebadilika sura. Meza moja tu, weka alamu ya kutoka, na usichezee kitandani.

Kama umeshaanza kuficha mke ama mume kiasi umepoteza, umegusa pesa ya chama, umekopa kulipia poka, hiyo imepita mambo ya kutuliza roho. Simama kabisa, ambia mtu mmoja unayemwamini kiasi chenyewe bila kupunguza, na uende hospitali, hata pale Russia, ile hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu, uulize mtu wa ushauri wa afya ya akili. Kamari inashika watu vile pombe inashika, na watu wanatoka wakisaidiwa.

Kwa wale wengine, tafuteni mtu mmoja pale mezani mnaheshimiana, si lazima awe rafiki wa karibu, bora awe anakuona vizuri. Mpatane mchana: akiona umebadilika anakuambia neno moja, "maji". Hakuna kueleza, hakuna kubishana, hakuna "niko sawa bana". Unamaliza mkono uko nao, unainuka, unatoka nje dakika kumi. Na wewe unamfanyia hivyo hivyo, hata siku ambayo pesa anayotupa inakuja upande wako.